Redio Imeshika Simu Nyingine

"Kaka, redio ya gari lako ni nzima," fundi alisema, akigonga kioo chake kwa kidole chenye grisi. "Inaikataa simu yako kwa sababu imeshika nyingine. Huyu Bi Kisirani ni nani?"

Ndivyo nilivyomwita mke wangu kwa utani, naye akaipa simu yake jina hilo. Alisusa nyumba miezi mitatu iliyopita, na mimi kwa kiburi sikumfuata.

"Bluetooth haivuki hatua kumi," fundi akaongeza. "Nimfute?"

"Thubutu!"

Wimbo wake ukajaa garini. Nikaukodolea macho mlango wa saluni iliyo hatua chache tu kutoka hapo. Kama yumo humo, simu yake imekuwa bubu, maana sauti yote inatoka hapa. Lazima anajua sauti imekwenda wapi.

Ghafla sauti ikapanda.

Fundi akainua mikono yote miwili. "Shemeji huyo. Mimi sijagusa kitu."