Hakuna Kuulizana

"Mashine yangu ina hitilafu," alisema, na hapohapo akajuta.

Maji ya machimbo ya zamani yalikuwa yamemfika kifuani. Mama mkwe wake, mzamiaji wa miaka ishirini aliyefundisha nusu ya chama chao, akautoa mpira wa kupumulia mdomoni na kumkazia macho. Sheria ya chama ni moja: mmoja akisema hapana, wote wanatoka, na hakuna kuulizana.

"Haya, tunatoka," alisema mama mkwe, kavu.

Hitilafu gani! Mashine ilikuwa nzima kabisa. Ni zile za kupumulia zisizotoa mapovu: pumzi yako mwenyewe inapita kwenye kopo la punje za chokaa, inachujwa, unaivuta tena. Isipochujwa, unasinzia humohumo majini na huamki. Yeye alikuwa na saa kumi na mbili tu za kuizoea, na leo walikuwa wateremke mita arobaini. Akaisingizia mashine, basi.

Na wala si kwamba hakuandaliwa. Asubuhi mama mkwe alimsomea orodha nzima kama mtoto wa chekechea.

"Chokaa?"

"Nimejaza, mama."

"Gonga kopo ishikamane. Betri?"

Orodha yake mwenyewe, mama mkwe aliitia alama zote kwa mkupuo. "Yangu iko kichwani, mkwe. Wa kuchungwa ni wewe." Hata zile dakika tano za kuijaribu mashine nchi kavu, alimshikia saa mpaka zikaisha. Mama mwenyewe ndiyo kwanza aanze zake, simu yake ikaita. Alikuwa binti yake. "Mkeo anauliza kama nitakurudisha mzima," akasema akicheka, akavaa miwani, wakaingia majini.

Sasa wenzao ukingoni walikuwa wakimchokoza. "Vipi, bwana harusi, maji ya baridi?" Alitamani ardhi ipasuke immeze. Mama wa watu ameacha shughuli zake, ameendesha gari kwa saa tatu, kisha arudishwe na uwongo wa mwanamume mzima mwenye ndevu!

Alipomaliza kusuuza vifaa vyake, hakuweza kuvumilia aibu tena. Akaenda stoo. Mama mkwe alikuwa ameketi peke yake, mashine yake imefunguliwa mapajani. Hakuinua uso.

"Mama, nisamehe. Nimekudanganya. Mashine yangu haikuwa na kitu. Niliogopa tu."

Mama mkwe akatupa jicho mlangoni.

"Funga mlango."

Akaufunga, akasimama ameinamisha kichwa.

"Mwanangu asijue habari hii, mkwe. Nakuomba." Sauti ilimtetemeka.

"Asante, mama," akanong'ona. Kusitiriwa namna ile kulimuumiza kuliko kutukanwa.

Mama mkwe akachomoa kopo la chokaa kwenye mashine yake, akaligeuza juu chini, akalitikisa kwa nguvu. Haikudondoka hata punje moja; lilikuwa tupu.