Brashi ya Sitini na Tatu

Nyaruai hakuwa na gari, hakuwa na msaidizi, hakuwa na usingizi, na tangu Jumatatu hakuwa na utulivu hata wa kumaliza kikombe cha chai. Alichokuwa nacho ni jibu la maabara, na jibu hilo halikuwa na mwenyewe.

Alikuwa mtafiti wa Kitale. Kwa mwaka mzima alikuwa akishuka kijiji cha Kamukuywa kuwaona wanawake wanaomeza dawa za virusi vya ukimwi, maana saratani ya mlango wa kizazi huwawahi wao kabla ya wengine. Kila mmoja alipewa brashi ndogo yenye namba, ajipime faraghani nyumbani, kisha airudishe. Brashi zilitembea katika mkoba wa Mary Ann, mhudumu wa afya wa kijiji, mjane mwenye sauti kubwa aliyesimama hata kanisani kuwaambia akina mama waache haya.

Brashi ya sitini na tatu ilirudi na kirusi kinacholeta saratani. Daftari lilisema ni ya Nekoye.

"Ati mimi mgonjwa?" Nekoye aliuliza, jembe begani. "Hii shamba yote nimelima pekee yangu. Si ungepima huyo mzee amelala hapo ndani? Umpime uvivu."

"Twende hospitali ya Bungoma, mama," Nyaruai alimwambia. "Siku moja tu."

Nyaruai na Mary Ann, aliyemsindikiza, waliporudi barabarani, Mary Ann hakunyamaza.

"Na si maabara inaweza kukosea, daktari?"

"Inaweza. Mara chache sana."

"Na mtu akikaa tu? Tuseme mwaka?"

"Leo ni kuunguzwa kidogo palipoathirika, dakika chache, anarudi kupika. Akikaa, itakuwa Eldoret na mionzi, na huenda tutakuwa tumechelewa."

Mary Ann alihamisha mkoba bega la pili, akasema jua ni kali.

Alhamisi, muuguzi wa Bungoma alimpima Nekoye upya, akamchunguza kwa macho pia. Hakuna kirusi. Hakuna kidonda. Safi kabisa.

Nekoye alicheka hadi akashika ukuta. "Sasa nikwambie ukweli, na usinikasirikie. Ile brashi ya kwanza sikutumia. Nilisema, aa, hii si ya kuosha chupa ya mtoto? Nikamrudishia Mary Ann vile ilikuja."

Nyaruai alipiga simu maabara. Hawakuwa wamekosea, walirudia kupima, na kirusi kilikuwepo. Brashi ambayo haikutumika haiwezi kuota kirusi. Basi kulikuwa na mwanamke mahali fulani, anapalilia, anauza mboga, anaimba kwaya, na siku zake zinahesabika bila yeye kuambiwa. Nyaruai alitembea huku na huku mbele ya hospitali hadi askari wa lango akamwuliza kama amepoteza kitu.

"Mtu," alijibu.

Kesho yake asubuhi alikuwa Kamukuywa, katika chumba kidogo walichopanga nyuma ya duka la mbolea. Mary Ann alikuwa akifagia sakafu iliyokwisha kufagiwa.

"Sitini na tatu ni ya mwanamke mwingine," Nyaruai alimwambia.

"Basi ni mke mwenzake. Hao wanaazimana kila kitu, hata viatu ya kanisa."

"Nekoye hana mke mwenza."

"Ama jirani. Achana naye tu, daktari. Mtu hataki kujulikana, utamfanya nini?"

"Nitamtibu Kitale. Kliniki ya huko haina mtu wa hapa hata mmoja."

Ufagio ulisimama. "Na daftari? Si ataandikwa?"

"Ataandikwa namba."

Mary Ann alifagia tena, polepole, pale pale alipokuwa.

Nyaruai alimtazama yeye, akautazama ule mkoba wa brashi, kisha akavuta karatasi. Aliandika mistari minne: siku, saa, mlango wa kuingilia, na kwamba yeye mwenyewe atakuwa amesimama hapo akingoja. Hakuandika jina. Alikunja karatasi, akaitia katika bahasha, akalamba ukingo wake na kuubana kwa kidole gumba.

"Umempata?" Mary Ann aliuliza.

"Nimempata."

Mary Ann aliegemeza ufagio, akajifuta mikono kwenye leso, akaipokea barua.

"Nipeleke boma gani, daktari?"

"Kwako," Nyaruai alisema.