Nani Anachomoa Waya

Uso wa Luhende ulikuwa umevunjika tena. Jicho moja lilibaki mahali pake, mdomo ulikuwa umehamia shingoni, na kwingine kote ni miraba ya kijani iliyokuwa ikitetemeka kwenye kompyuta. Sauti tu ndiyo ilikuwa nzima: mwanaume anacheka, anaita, "Milembe, njoo tucheze!"

Violeth alisimamisha video. Wiki iliyopita tu aliirekebisha hadidiski hii hii, hapa hapa dukani kwake Somanda, na picha ikatoka safi.

"Mama, diski yenyewe haina ugonjwa," alimwambia mwanamke aliyekaa kwenye benchi. "Kuna mtu anachomoa waya video ikiwa inacheza. Ndiyo maana mafaili yanaharibika."

"Sichomoi mimi," alisema Milembe.

"Nani basi? Unaishi na nani?"

Milembe alikaza fundo la kitenge chake, akalilegeza, akalikaza tena.

"Ni Luhende. Hapendi niiwashe."

Violeth aliondoa mkono kwenye kompyuta. Siku ya kwanza mama huyu alipoileta diski alimsimulia jinsi lori la pamba lilivyomgonga mumewe kwenye barabara ya Nkoma. Tangu hapo, alisema, nyumba imekuwa kimya. Kicheko cha Luhende kimebaki kwenye video ya mavuno tu.

"Mama," alisema polepole, "marehemu hawezi..."

"Usimwite hivyo!" Sauti ya Milembe ilikuwa kali, kisha ikalegea. "Naiweka ili arudi, mwanangu. Labda akijisikia anavyocheka, atarudi."

Violeth aliinama kwenye kazi yake. Bibi yake alikuwa akizungumza habari za wafu wasiotulia, na yeye, mtoto wa kanisani, alikuwa akimcheka. Sasa hakuwa na hamu ya kucheka. Aliyaokoa mafaili, akaiunganisha upya video, akaitazama mpaka mwisho. Alipomwona mama yule anavyoikumbatia diski kifuani, alishindwa kumwacha aondoke peke yake.

"Twende nikaangalie tivii yenu," alisema. "Huenda tundu la waya limelegea."

Nyumba ilikuwa na giza ingawa nje jua lilikuwa linawaka. Mapazia yalikuwa yamefungwa. Kioo cha ukutani kilikuwa kimefunikwa kwa kanga. Mbele ya kiti kitupu kulikuwa na stuli, na juu yake ugali na mlenda vilivyopoa bila kuguswa.

"Chakula cha nani, mama?"

"Chake."

Violeth alilikagua tundu la tivii. Lilikuwa imara kabisa. Akachomeka waya, akabonyeza.

Luhende akatokea, mzima, mnene, meno nje, katikati ya marobota ya pamba. Alimshika Milembe kiuno, akamzungusha, na watu wakapiga vigelegele. Milembe mwenyewe alikuwa amesimama pembeni ya tivii, kiganja mdomoni, machozi yakimtiririka.

Mlango wa chumbani ukalia.

Violeth hakuthubutu kugeuka. Alisikia nyayo zikiburuzwa sakafuni, zikasimama nyuma yake. Mkono mwembamba ukapita juu ya bega lake, ukaushika waya, ukauvuta. Picha ikapotea.

Mkono ule ulikuwa umemgusa shavu. Ulikuwa wa moto, na ulikuwa na jasho.

Aligeuka. Mwanaume aliyekondeana alikuwa amesimama pale, kovu refu la mshono likiwa limempasua nywele toka paji la uso hadi kisogoni. Alikuwa na macho yale yale ya kwenye video. Hakumtazama Violeth. Alikuwa anamtazama mkewe.

"Milembe," alisema kwa sauti ndogo ya mtu aliyeaibishwa nyumbani kwake, "mimi mumeo bado nipo. Huyo mwanaume unamleta humu ndani wa nini?"