Bango la Asanteni

"Vestina, shika bango hili, halafu tabasamu kidogo," aliniambia afisa wa ugawaji, kamera ikiwa tayari.

Lilikuwa bango la turubai zito, jipya, lenye herufi za buluu: ASANTENI NDUGU ZETU WAYAHUDI. Ndugu hao walikuwa wamemtuma bibi mmoja mwenye mvi. Alisimama kando ya lori la mablanketi, viatu vimejaa tope jekundu la kambi yetu ya wakimbizi, Kasulu.

Nilikunja mikono.

"Sishiki."

"Wafadhili wanataka picha, mama. Ndiyo kawaida."

"Kwetu Burundi nilikuwa mwalimu. Nimevukia mpaka wa Munanila na mtoto mgongoni na kanga moja. Asante nimeshaisema kwa mdomo wangu. Picha ya shida yangu siitoi."

Mkalimani wa bibi alikuwa akimnong'oneza maneno yangu. Afisa akanishika bega anisogeze pembeni, nami nikapaza sauti:

"Lakini nyumba yangu inavuja! Hilo turubai mkinipa, nitaezekea."

Bibi akaja mbio, akamnyang'anya afisa bango. Alilikunja mara nne kwa mikono yake mwenyewe, akaniwekea juu ya blanketi langu. Kisha akaziba kamera kwa kiganja.

"Anasema picha hawakuomba," mkalimani alitafsiri. "Anasema mama yake naye alikuwa mkimbizi. Alipigwa picha siku ya kwanza, na hakutaka kuiona mpaka anakufa."

Leo bango liko juu ya paa langu. Maandishi nimeyaelekeza mbinguni. Kama ni kusoma, asome Mungu.