Kitambaa cha Ndani

Zipu ilikwama katikati ya mgongo, ikakataa kupanda.

"Bana tumbo!" shangazi alifoka.

Zawena alibana. Alikuwa na miaka kumi na minne, na kwa siku nne alikuwa akishindia chai ya rangi ili aingie kwenye gauni hilo la sare ya harusi.

"Mtoto hukumleta nimpime," fundi Hidaya alisema. "Uliniletea vipimo kwenye karatasi."

"Vya mwili anaotakiwa kuwa nao! Usiongeze hata inchi. Harusi bado wiki nzima, atapungua atake asitake. Mtoto wa kike gani huyu, kama gunia la mkaa!"

Wateja waliokuwa kwenye benchi walicheka.

Zawena hakulia. Alijifunga kanga, akalivua gauni, akachukua kiwembe kilichokuwa juu ya cherehani.

"Nina njaa, Shangazi," alisema, akaanza kulifumua gauni ubavuni. "Tangu Jumatatu nina njaa!"

Mshono uliachia. Ndani yake kulikuwa na kitambaa cha ziada kilichokunjwa, upana wa kiganja kizima. Akafumua na ubavu wa pili. Nako kilikuwepo.

Shangazi alimgeukia fundi. "Si nilikwambia ukikate?"

"Uliniambia."

Fundi Hidaya aliichana ile karatasi ya vipimo vipande vipande. Kisha akafunua sahani yake ya wali na maharage, akaisukuma mbele ya Zawena.

"Kula," alimwambia. "Nitakupima ukishashiba."