Kasuku na Neno Asilofundishwa

Enzi hizo Nyati walipiga kambi upande wa juu wa mto, na dawa waliyoogea kuua kupe ikatiririka mpaka kinamasini kwa Vyura. Viluwiluwi wote wakafa. Jemadari Nyati akamtuma Kasuku kwa Vyura na salamu za pole, naye hakuwahi kutamka neno asilofundishwa.

"Poleni sana," akasema Kasuku.

"Pole husemwa na mpita njia," akajibu Bi Chura, aliyefiwa na wanawe. "Aliyekukanyaga husemaje?"

"Poleni sana."

Bi Chura hakugomba. Alimwonyesha kidimbwi walimokuwa wakicheza wanawe, maji yametulia tuli. Kasuku akakitazama. Nyuma yake tope likatetemeka. Jemadari mwenyewe alikuwa amekuja kusikiliza.

"Tumekosa," akasema Kasuku.

Akafumba macho, akingoja pembe. Badala yake akasikia kishindo. Alipofumbua, Nyati alikuwa amepiga magoti topeni, pembe zile za kutisha zikigusa maji.

"Tumekosa," akarudia Nyati, utadhani yeye ndiye kasuku.

Kinamasi kizima kilishikwa na bumbuwazi, isipokuwa Bi Chura.

"Inuka, baba," akasema. "Sasa tuambie, kambi inahama lini?"