Asubuhi Iliyowekwa Mahakamani

Kabla ya alfajiri nilisikia kifuniko cha birika kikigongagonga jikoni. Alikuwa jirani yangu, Mama Kombo, aliyeingia kwa mlango wa uani kunichemshia chai kama kawaida yake, ingawa mwanawe Kombo yuko mahabusu kwa kesi ya bastola.

Polisi walipokwenda kupekua nyumba yake, mimi ndiye niliyeitwa kuwa shahidi huru. Sheria ni kwamba shahidi akishatazama, huondolewa kumbukumbu ya upekuzi, ikahifadhiwa mahakamani hadi siku ya kesi, asije akahongwa au kutishwa. Kwangu asubuhi ile ni tupu.

“Shoga, ile bastola waliikuta au waliileta?” aliniuliza.

“Sijui, mwenzangu. Wallahi wamechukua yote.”

Alinipozea chai kwa kuimimina kikombe hadi kikombe, maana anayajua meno yangu.

“Mimi nilifumba macho,” alisema. “Wewe ulinishika mkono muda wote. Walipoinua godoro la Kombo, ukaniachia.”

Niliutazama mkono wangu. Nao haukumbuki uliachia kwa kuona nini.

Aliosha vikombe, akavaa kandambili zake.

“Kesho uje tena, shoga,” nilimwomba, yeye ambaye siku zote huja bila kuombwa.